Jicho ni Shahidi, Si Kadhi

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyotuusia wazee wetu. Lakini jioni moja katika mwezi wa Rajabu uliopita, sisi watu wazima watano, wenye macho kumi baina yetu, tuliambiwa tazameni, tukatazama. Tukaambiwa tazameni tena, tukatazama tena. Na mwisho wa yote hapana hata mmoja wetu aliyekuwa tayari kuapa juu ya alichokiona.

Mambo hayo yalitokea barazani kwangu, Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri. Aliyeyaleta ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake ni ubaharia. Kila arudipo likizo huwaletea wanawake mafuta mazuri na watoto peremende, na mimi huniletea kitu cha kusoma, kwa kuwa anajua mjomba wake hujikuna kichwa akitafuta la kuandika. Safari hii alinitolea bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kadi za picha, zile ziuzwazo katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Alikuwa akinunua mojamoja kila meli yao ilipofunga gati: mbili za The Hague, mji usio mbali na bandari ya Rotterdam, moja ya London, moja ya New York, na moja ya Los Angeles.

"Mjomba," akaniambia, "hizi si picha za kupamba ukuta. Hizi ni picha za kugombanisha watu. Ziweke barazani uone."

Nikaziweka. Waliokuwapo ni maalim wa chuo cha jirani, fundi saa, fundi wa kuchonga milango, mpwa wangu na mimi. Kahawa ilikuwa tayari, na tende zilikuwapo. Kabla ya magharibi tukawa tumegombana, tumecheka, tumenyamaza, na mimi nimekumbushwa deni nililokuwa nalo kwa muda wa zaidi ya miaka 40. Nitakueleza, msomaji, lakini kwa taratibu.

MAJI YAPANDAYO

Kadi ya kwanza aliinyakua fundi wa milango. Ilikuwa picha ya kinu cha maji, imechorwa na Mholanzi aitwaye M. C. Escher mwaka 1961. Ukiitazama mara moja huoni ajabu. Kuna minara miwili, kuna mfereji wa matofali, kuna gurudumu la kinu, kuna mwanamke anaanika nguo, na mwanamume ameegemea ukuta akitazama juu. Maji yanaanguka kutoka juu, yanalizungusha gurudumu, kisha yanashika njia ya mfereji na kwenda zake.

Sasa yafuate maji hayo kwa kidole. Yanakwenda mbele, yanakata kona, yanarudi, yanakata kona nyingine, na kila mahali mfereji unaonekana unateremka kidogo kama ilivyo desturi ya mifereji. Mara kidole chako kinafika mwisho, nao mwisho huo ni juu ya mnara, pale pale yanapoangukia maji! Yameteremka njia nzima, yakafika juu. Kinu kinasaga milele bila upepo, bila ng'ombe na bila mafuta. Escher mwenyewe alifanya mzaha kwamba mwenye kinu hana kazi ila kutia ndoo ya maji mara mojamoja, kufidia yale yanayokauka kwa jua.

Fundi alitoa futi yake mfukoni akapima. Akapima nguzo, akapima kona, akageuza kadi juu chini. Kisha akasema neno ambalo nimelihifadhi:

"Kila kiungo hapa ni sahihi. Nguzo imesimama, pembe imekatwa sawasawa. Ungeniletea kipande kimoja kimoja, vyote ningevipitisha. Lakini nyumba yenyewe haijengeki."

Naam, hapo ndipo penye siri. Mwaka 1954 wataalamu wa hesabu wa dunia walikutana mjini Amsterdam, na picha za Escher zilionyeshwa huko. Kijana mmoja Mwingereza, Roger Penrose, alizitazama akarudi kwao hana usingizi. Yeye na baba yake, Lionel, wakabuni pembetatu iliyoundwa kwa boriti tatu, kila mbili zikikutana kwa pembe mraba. Aliyesoma hesabu kidogo anajua kwamba pembe zote tatu za pembetatu hujumlisha nyuzi 180; hizi mraba tatu zinafanya 270. Haiwezekani kabisa, ilhali jicho linaikubali bila kinyongo. Waliiandika habari hiyo mwaka 1958, wakampelekea Escher, naye akaitumia kujengea kinu chake. Kabla yao, Msweden Oscar Reutersvärd alikwisha chora umbo la namna hiyo mwaka 1934. Kijana Penrose hakupotea kwa kucheza na picha: mwaka 2020 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Maalim alikuwa amenyamaza muda wote, tasbihi mkononi. Sasa akasema, "Hiki ni kiinimacho. Wachawi wa Firauni walifanya hayo hayo, wakatupa kamba watu wakaona nyoka. Mna furaha gani ya kudanganywa?"

Swali hilo si dogo, na sikutaka kulijibu kwa ulimi mwepesi. Nikamwambia, "Maalim, mwenye kiinimacho huficha. Ukimwomba akuonyeshe mkono wa pili, hukasirika. Huyu Mholanzi hakuficha kitu. Kila tofali liko wazi mbele yako, na amekuacha upime kwa futi."

Maalim akanywa kahawa yake. "Tuendelee," akasema. "Sijakubali."

MWANAFUNZI WA AL-HAMRA

Nikaona ni vizuri kuwaeleza huyo Escher ni nani, kwani habari yake inatugusa kuliko tunavyodhani. Alizaliwa Leeuwarden, Uholanzi, mwaka 1898, mtoto wa mhandisi. Akajifunza kuchonga picha katika mbao na kuzipiga chapa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 24, alifika Granada, kusini mwa Hispania, akaingia katika kasri ya Al-Hamra.

Kasri hiyo ilianzishwa mwaka 1238 na Muhammad ibn al-Ahmar, sultani wa kwanza wa ukoo wa Banu Nasr, na wazao wake wakaijenga na kuipamba mpaka Granada ilipotwaliwa mwaka 1492. Kuta zake zimeandikwa mara nyingi mno kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Chini ya maandishi hayo kuna vigae vya rangi, vilivyokatwa kwa maumbo ya nyota, ya mifupa, ya mbawa na ya mafundo, vikapangwa pasiwe na mwanya wala kimoja kupanda juu ya mwenzake. Hapo jicho huanza kuyumba. Ukitazama vyeupe, vyeusi vinakuwa ardhi. Ukitazama vyeusi, vyeupe vinarudi nyuma. Hakuna kilicho mbele wala kilicho nyuma. Kila umbo ni mpaka wa jirani yake.

Escher hakuvisahau vigae hivyo. Mwaka 1936 alirudi pamoja na mkewe, wakakaa siku kadhaa wakinakili kutwa. Mpwa wangu alifurahi sana niliposimulia namna alivyosafiri: aliiandikia kampuni ya meli za mizigo kwamba atailipa kwa picha. Kampuni ikakubali! "Mjomba," akasema, "sisi siku hizi hatuchukui mtu kwa picha."

Baada ya safari hiyo ndipo Escher alipokuwa Escher tunayemjua. Kadi ya pili ya The Hague ilikuwa picha yake ya mwaka 1938, Usiku na Mchana. Chini kuna mashamba ya mraba, kama yale yanayoonekana kutoka ndegeni. Mashamba yanapanda juu, yanajikunja, yanaota mbawa, na kufika katikati yamekuwa ndege: weupe wanaruka kuelekea usiku, weusi wanaruka kuelekea mchana. Mwanya uliopo kati ya ndege weupe ndio ndege weusi. Hesabu ni ile ile ya vigae vya Granada. Escher alistaajabu kwa nini mafundi wale, pamoja na ustadi wao wote, hawakujaza kuta zao viumbe vyenye uhai.

"Alistaajabu?" akauliza Maalim. "Jawabu angelipata kwa mtoto wa chuo. Walijizuia. Katika picha za viumbe kuna maneno mengi ya wanavyuoni, nami nimefunzwa kujiepusha nazo. Lakini tazama: kwa kujizuia kwao ndiko walikofika mbali hivi. Mtu akifungiwa mlango mmoja huutazama vizuri ule uliobaki." Akainua ile kadi karibu na miwani yake. "Basi huyu Mholanzi ni mwanafunzi wetu. Alihitimu kisha akaenda zake."

Fundi wa milango akadakia kwamba hata kwetu jambo hilo lipo. Nami nikakumbuka nyumba yetu ya Lamu nilikozaliwa, na zile zidaka za chokaa katika ukuta wa ndani, safu juu ya safu. Nilipokuwa mtoto nililala nikizitazama kwa mwanga wa kandili. Kila kidaka kilikuwa na kivuli chake, na ukuta ule uliokuwa na unene wa mkono tu ulionekana kama mji wenye vichochoro, mtu angeweza kuingia asirudi. Nikakumbuka pia mkeka wa nyanya yangu, wa ukili mweusi na mwekundu, ambao michirizi yake ukiikodolea macho hukimbia kama maji ya kijito. Waliosuka na waliojenga walijua wanachokifanya. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

HIKI SI KIKO

Kadi ya Los Angeles ndiyo iliyotuchekesha. Ni picha ya Mbelgiji René Magritte, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1898. Aliichora mwaka 1929. Pana kiko cha kuvutia tumbaku, kimechorwa vizuri, kinang'aa, na chini yake pana maandishi ya Kifaransa yasemayo: Hiki si kiko. Basi, hakuna zaidi.

Fundi saa akaghadhibika. "Kama si kiko, ni nini? Ni mwiko?"

Mpwa wangu akamwambia, "Kitie tumbaku basi, mzee, ukivute."

Fundi saa akaitazama kadi, akatutazama sisi, akaanza kucheka taratibu mpaka machozi yakamtoka. Bila shaka si kiko, ni karatasi. Na aliyetushangaza sote ni Maalim, kwani aliipiga ile kadi kofi akasema, "Huyu ndiye msema kweli wenu! Sura ya kitu si kitu. Miaka yote nawaambia vijana, mkiona mtu kwenye picha amevaa vizuri anacheka, msiseme mmemjua. Kumbe Mbelgiji alikwisha lisema kwa maneno matatu."

Magritte alikuwa miongoni mwa wasanii ambao walijiita surealisti. Jina hilo lilipata nguvu mwaka 1924, pale mshairi Mfaransa André Breton alipotoa tangazo lao mjini Paris. Ulaya ilikuwa imetoka katika vita vikubwa vya 1914 hadi 1918, mamilioni ya watu wameuawa kwa amri za watu waliovaa suti na kujiita wenye akili timamu. Hao wasanii wakasema: kama hiyo ndiyo akili, basi sisi tutachora ndoto.

Mfano wa ndoto hiyo ulikuwa katika kadi ya New York, nayo ilikuwa kana kwamba imetumwa kwa fundi saa. Ni picha ya Mhispania Salvador Dalí, ya mwaka 1931. Watu hudhani ni kubwa kama ukuta, kumbe yenyewe ina upana wa sentimita 33 na kimo cha sentimita 24 tu. Pana ufuo mtupu, majabali ya kwao Katalunya yanang'aa kwa mbali, na saa tatu zimelegea. Moja inaning'inia katika tawi la mti mkavu kama nguo iliyoanikwa, nyingine inachuruzika ukingoni, laini kama halua iliyosahauliwa juani. Saa ya nne ni ngumu, nayo imejaa sisimizi. Dalí alisema wazo hilo lilimjia alipoona jibini lililoyeyuka.

Nilitazamia fundi saa atukane. Lakini aliishika kadi ile kwa muda mrefu, kwa ncha za vidole, kama anavyoshika mtambo wa saa. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Mwaka ule nilipomuuguza mama watoto, wodini mlikuwa na saa ukutani. Nilikuwa nikiitazama usiku. Mimi ni fundi, naijua saa, na ile haikuwa mbovu. Lakini dakika zilikuwa hivi." Akaonyesha ile saa iliyochuruzika. "Hivi hivi."

Hapana aliyesema neno. Mpwa wangu akammiminia kahawa.

Kadi ya London ilikuwa ya zamani kuliko zote. Mchoraji ni Mjerumani Hans Holbein, na mwaka ni 1533. Mabwana wawili wa Kifaransa, mabalozi, wamesimama kwa fahari, kila upande mmoja. Baina yao pana meza ya ngazi mbili iliyotandikwa zulia la Kituruki, na juu yake pana vyombo vya kupimia jua na nyota, vitabu, tufe la dunia, na gambusi la Kizungu ambalo uzi wake mmoja umekatika. Lakini chini, mbele ya miguu yao, pana kitu kirefu cha rangi ya kijivu kimepita mshazari, kama chaza au kipande cha mti kilichosukumwa na maji. Hakina maana yoyote.

Mpwa wangu akamfundisha Maalim: "Ilaze kadi, kisha chungulia kutoka ubavuni, upande wa kulia." Maalim akailaza, akafumba jicho moja, akachungulia. Ghafla akasema, "Laa ilaaha illa Llah." Kile kipande kilikuwa fuvu la kichwa cha mtu. Ukisimama mbele ya mabwana wale huoni ila mali na elimu na vyeo. Ukipita ubavuni kwenda zako, mabwana wanakunjamana na kupotea, na mauti yanakutazama.

Maalim akaiweka kadi hiyo ndani ya kitabu chake. Hakuomba, nasi hatukumwuliza.

BASRA

Jua lilikuwa linakwenda. Nikataka kumaliza neno lake la mwanzo, la kiinimacho, na nikawaeleza habari za Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Kairo yapata mwaka 1040. Kabla yake wataalamu wengi wa Kiyunani walishikilia kwamba jicho hutoa miale ikaenda kugusa vitu. Yeye alithibitisha kinyume chake: nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni. Katika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba, aliiweka juzuu nzima ya tatu kwa jambo moja tu, makosa ya macho. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na Wazungu walimwita mwandishi Alhazen.

Alisema nini juu ya makosa hayo? Kwamba kuona hakuishi kwa nuru kuingia jichoni. Baada ya nuru kuna kupambanua, kuna kukumbuka, kuna kukisia, na mambo hayo hupita haraka hata mwenyewe usijue kwamba umehukumu. Mfano wake mmoja kila mtu wa pwani anaujua. Mwezi mpevu ukichomoza baharini ni mkubwa kama sinia. Ukifika juu ni mdogo kama kisahani. Mwezi haukupungua. Ibn al-Haytham aliona kwamba ni hukumu yetu iliyobadilika, kwa namna tunavyokisia umbali wake pale upeoni, na wataalamu wa leo wangali wanajadiliana jinsi hasa jambo hilo linavyotendeka. Kama huniamini, msomaji, usiku wa mwezi mpevu likunje gazeti hili liwe kama bomba, uutazame mwezi kwa tundu lake unapochomoza. Utauona umenywea papo hapo.

"Kwa hiyo," nikasema, "jicho ni shahidi tu. Si kadhi. Na picha hizi ni kama wakili hodari, anayemhoji shahidi mpaka tukaona wapi anajua na wapi anabuni."

Maalim akatabasamu. "Umeitaja Basra, nami nitakupa ya Basra." Akatusimulia kisa kilichopokewa vitabuni. Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, alikuwa amezeeka sana, anakaribia miaka 100. Watu walitoka kuutazama mwezi mwandamo, na yeye peke yake akasema: ule pale, nimeuona. Akawa anaonyesha kwa kidole, wala hapana mwingine aliyeuona. Miongoni mwao alikuwapo Iyasi bin Muawiya, aliyekuja kuwa kadhi mashuhuri wa Basra. Akamtazama mzee usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho. Hakumkadhibisha. Akaupangusa unywele ule kwa adabu, akaulayinisha, kisha akamwuliza: tuonyeshe sasa mwezi uko wapi? Mzee akatazama, akasema: siuoni.

"Hiyo ndiyo elimu," akasema Maalim. "Hakusema mzee mwongo. Alisema jicho lina unywele."

Wenzangu wakafurahi. Mimi nilikuwa nimenyamaza. Mwadhini akaita, tukaondoka.

MWEZI WANGU

Nilikuwa na umri wa miaka 17, tunakaa Lamu nyumbani kwa babu. Jioni ya mwezi 29 Shaabani tulipanda juu ya nyumba, mimi na kaka yangu aliyenipita miaka mitatu, tukatazama magharibi juu ya minazi. Babu alikuwa ameahidi kofia mpya, ya vito, kwa mjukuu atakayeuona mwezi kwanza.

Nikauona. Ninakuapia, msomaji, niliuona: uzi mwembamba, mweupe, umelala juu ya makuti. Nikapiga kelele. Kaka akatazama pale pale nilipoonyesha akasema, "Hapana kitu." Nikamwambia ana macho ya bundi mchana. Yeye ndiye aliyekuwa na macho makali kuliko sote, hutambua jahazi kwa tanga lake kabla hatujaona hata tanga.

Babu akaniita. Kwa madhehebu yetu shahidi mmoja mwadilifu atosha kwa kuingia Ramadhani. Akaniuliza mara mbili, nikashuhudia mara mbili. Mji haukupata habari nyingine, watu wakalala na Shaabani yao, lakini nyumba yetu ililala na saumu, pamoja na nyanya aliyekuwa hajiwezi. Asubuhi nilivaa kofia.

Jioni ya pili mji mzima ukauona mwezi. Kama jana ulikuwapo, leo ungekuwa umenenepa na kupanda juu. Ulikuwa mwembamba, chini kabisa, wa kutafutwa. Ulikuwa mwezi wa usiku mmoja. Kila mmoja wetu alielewa, wala hapana aliyesema. Ramadhani hiyo mji ulitimiza siku 30, nyumba yetu ikafunga 31. Kaka hakunitaja kwa ubaya hata mara moja. Mimi ndimi niliyemnunia, kwani aliyekosa ndiye anayenuna. Sikukuu ile hatukula sinia moja. Baadaye tulikula, tukaoa, tukazika wazee wetu, lakini jambo lile halikuzungumzwa tena.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikusema uongo, na kweli sikusema. Nilichoshindwa kujua ni kwamba kuna kitu baina ya uongo na kweli, na kitu hicho ni jicho linalotaka. Kiwingu kilikuwapo, pengine. Kofia ilikuwapo, kwa yakini. Unywele wangu ulikuwa kofia.

KIDOLE CHA KAKA

Mwezi wa Shaabani nilipanda basi mpaka Mokowe, nikavuka kwa mashua. Kaka yuko katika nyumba ile ile, amezeeka, macho yake ameyafanyiwa operesheni. Tulipokwisha kula nilimpa kadi ya kinu cha maji, ukutani zidaka zikitutazama.

Aliyafuata maji kwa kidole. Akafika juu, akasita, akarudi mwanzo. Akayafuata mara ya pili, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya jamaa. "Kosa liko wapi?" akauliza.

"Haliko mahali pamoja," nikamjibu. "Kila hatua ni kweli. Kosa ni pale unapozijumlisha."

Akatikisa kichwa. Nikaona wakati ndio huo. Nikamwambia, "Kaka, mwezi ule sikuuona. Niliona nilichokitaka. Wewe ndiwe uliyeona sawa, nami nikakuita bundi. Nisamehe."

Hakuinua uso kutoka kwenye kadi. Kidole chake kilikuwa kinateremka na maji tena, kona ya kwanza, kona ya pili.

"Nilikusamehe jioni ya pili," akasema. "Nilikuwa nangoja ujue. Lakini hebu niambie: kofia iko wapi?"

Kofia ililiwa na nondo zamani. Nimekwenda kwa mama mmoja wa hapo hapo Lamu anayetia kofia, nikaagiza nyingine, kwa kipimo cha kichwa cha kaka. Ameniambia kazi ya vito haitaki haraka, ningoje miezi mitatu. Nimemwambia nitangoja.